Wimbo yenye Siméon hakusikia

Mu Vulamba, upande moja wa muji wa Butembo, batu banamuita Docteur. Jina yake ya kweli ni Siméon Lusenge, mutoto wa Manguredjipa, mwenye alifika Butembo akiwa kijana na tournevis moja ya kufungulia radio mu mufuko, na leo ana miaka makumi tano na munane. Musinisikie vibaya: Siméon hapana mwizi. Hajaingia mu nyumba ya mutu kuchukua kitu. Anakwenda misa, anafanya salongo, ile kazi ya kusafisha mutaa, pamoja na bengine, na mu shirika yao ya kusali njo yeye anabeba viti. Mais kila mutu iko na fasi yenye anaoza, na ya Siméon ilikuwa mule mu kibanda yake ya mbao, kati ya mushona viatu na mama mumoja mwenye kuuza sombe, majani ya muhogo.

Zamani alikuwa anatengeneza radio. Kisha telefone zikaua radio, na yeye akakaa pale miezi mingi anapangusa vumbi ku vitu vyenye mutu hakuwa anakuja kukamata. Njo akaangukia ku mafono. Fono, ile mashine ya zamani ya kuimba, yenye unapiga manivelle na mukono, yenye tarumbeta kubwa sawa ua la boga. Bapadri na bazungu ba plantation baliziacha huku na kule mu Lubero, bana-inchi bakaziweka juu ya dari pamoja na mahindi ya mbegu. Sasa bakubwa benye serikali inatuma huku, na batu ba ONG, bakaanza kuzitafuta ya kupamba salon. Siméon akafungua macho.

Mu fono moja ya kweli, yeye alikuwa anatoa tatu. Moteur iliingia mu sanduku moja, mukono wa sindano mu ingine, na sanduku ya zamani yenyewe ikapata matumbo ya mashine ya kushona. Tarumbeta alikuwa anaagiza kwa fundi wa bati mwenye anatengeneza arrosoir za kumwangia michicha. Misumari na vis alikuwa anazika mu udongo wa chumvi mpaka zipate kutu. Mbao alikuwa anaitundika juu ya moshi ya miti ya kalitusi, kisha anaipakaa kahawa. Mwisho kulikuwa karatasi, Certificat, na kashé, ule muhuri, na mwaka. Ule mwaka alikuwa anauchagua kwa kuangalia uso wa mununuzi: mukubwa wa bureau alipata 1925, muzungu alipata 1908.

Bibi yake Nadège alikuwa anamuchokoza. «Docteur, bagonjwa yako banakufa bote, ila unabavalisha muzuri.»

Siméon alikuwa anacheka. Mu kichwa yake hakuwa anadanganya mutu. Alikuwa anasema, batu banakuja kununua furaha, na furaha banaondoka nayo. Kama ile mashine inaimba wiki mbili na kunyamaza, basi vitu vya zamani ni vile, vinachoka. Mutu akizoea kujidanganya, kudanganya bengine hata hakumupe kazi.

Siku moja Kahongya alishuka toka Lubero na gunia ya viazi, na chini ya viazi kulikuwa fono. Kahongya ni mulimaji, mutu wa maneno kidogo. Babu yake alikuwa mupishi wa padri mumoja, na padri alipokufa, mupishi akabaki na ile mashine. Siméon akaigeuza huku na huku. Ilikuwa nzito, ya kweli kabisa, mais ilikuwa ya ajabu: haikuwa na fasi ya diski. Fasi ya diski kulikuwa kitu ya mviringo, sawa kibobini kikubwa cha uzi chenye kulala. Na pembeni, mu karton, kulikuwa vitu tano vya nta ya kahawia, virefu kama kiganja, na tundu katikati, vimefunikwa na ukungu mweupe.

«Na hivi?» Siméon akauliza.

«Nilikuta navyo. Labda mishumaa ya altare,» Kahongya akasema.

Bote babili ni Bakatoliki ba kuzaliwa. Kwa batu kama bale, nta yenye inatoka mu nyumba ya padri ni mushumaa, hakuna ya kufikiri zaidi. Tena kila kipande kilikuwa mu kopo ya karatasi ngumu, na ku ile karatasi kulikuwa maandishi ya kalamu ya kijivu. Siméon alisoma moja: «Kaswera, bibi ya Maliro, 1946.» Akaona ni wazi. Mutu anatoa mushumaa, anaandika jina ya mwenye anaombewa. Hata mu shirika yao banafanya vile mwezi wa kumi na moja. Alisoma lile jina pole pole, nawaambia, alilisoma mpaka mwisho. Kisha akaweka karatasi pembeni ya mbabula, jiko yake ya makala.

Alimuambia Kahongya kama ile ni bati tupu, akamupa kitu kidogo, na Kahongya akarudia na gunia yake.

Nta ya nyuki bei imepanda. Fundi mwenye akili hatupe nta. Siméon alikata vile vipande vitano mu boîte ya maziwa, akamwanga petroli ya taa, akaweka juu ya moto mpaka ikawa mafuta mazito, akachanganya na kahawa. Makopo ya karatasi yalisaidia makala kushika. Kisha akatoa kile kibobini, akakitupa kati ya vyuma vikuukuu vya kuuza na kilo, akaweka sahani ya diski, mukono, na tarumbeta ya fundi wa arrosoir. Siku mbili nzima alipakaa ile nta ku mbao na kitambaa cha flaneli, anapakaa, anapangusa, mpaka sanduku ikang'aa kabisa. Aliandika ku Certificat: «Fono ya mission, ya kwanza kufika Lubero. Kila kitu ni ya asili. Imejaribiwa, inaimba.»

Aliinunua Madame Julienne Kabongo, professeur wa histoire, mwanamuke wa Kananga mwenye serikali ilituma Beni ku lycée moja. Julienne hakuwa na salon ya kupamba. Parokia ilikuwa inatayarisha jubilé, sikukuu ya kutimiza miaka yake, na yeye alitaka batoto baone kwa macho kitu kimoja cha wakati ule, juu mu darasa yake hata kitabu hakuna. Alishukuru Siméon mpaka Siméon akaangalia chini. Akaiweka mu salle ya parokia, ku meza, na kitambaa cheupe chini.

Mwezi moja ikapita. Kisha Julienne akamupigia.

«Papa Siméon, ukipata njia, ufike Beni. Kuko mama mumoja anakutafuta. Ni juu ya fono.»

Mu barabara yote ya kwenda Beni, nyuma ya moto, pikipiki ya kukodi, ku kila barrière ya basoda, Siméon alikuwa anapanga maneno. Alifikiri kama banamungojea na hasira. Hasira angeiweza. Mutengenezaji mwenye hawezi hasira ya client afunge kibanda.

Mais mu salle hakukuta hasira. Alikuta Julienne, na pembeni yake mama muzee kidogo, wa miaka zaidi ya makumi munane, na fimbo, na kikwembe kimepigwa pasi. Alikuwa Mama Kavuo, mutoto wa Lubero, mwenye aliolewa Beni tangu zamani. Alishika mikono ya Siméon yote mibili na kumuambia «wasingya», maana yake aksanti, mbele hajasema kitu ingine.

Julienne akatoa telefone, akamuonyesha picha. «Nilitafuta ku internet, Papa. Fono ya sanduku kama hii haikuwa ya diski. Ilikuwa ya mirija ya nta. Na hapana kuimba tu: ilikuwa inakamata sauti ya mutu. Unaimba mu tarumbeta, nta inashika. Labda batu bengine balibadirisha vyuma mbele ifike kwako, hapana?»

Muone vile mwanamuke ana roho ya muzuri. Alimufungulia mulango, na Siméon akaingia mbio.

«Ndiyo, Madame. Niliikuta vile.»

Mama Kavuo akasema na sauti ya pole, bila haraka. Mu mwaka 1946 alikuwa na miaka ine. Padri alikuwa na ile mashine, nzee hata wakati ule, na alikuwa anaita bamama kuimba juu alitaka kujifunza Kinande muzuri. Ile siku alimuita mama yake. «Mimi nilikuwa nashika kikwembe yake, hivi. Padri alimuambia asogee. Mama akacheka, kisha akaimba.» Mwaka wenye ulifuata, mama alikufa na mimba. Hakuacha picha. Hakuacha hata nguo, juu balimuzika nayo. «Nilisikia batu banasema mashine ya mission imefika parokia. Nikasema, Mungu ameniacha hai juu ya hii. Papa, mirija iko wapi?»

Siméon aliangalia sanduku. Sanduku ilikuwa pale mbele yao, inang'aa, na yeye peke yake alijua ilikuwa inang'aa na nini. Pale, ile dakika, kama angesema, angesikia haya ya siku moja. Nasema hivi juu nimekaa na yeye, na yeye mwenyewe anajua. Mais mudomo yake ilikuwa imezoea njia yake.

«Mama, ilikuwa imeoza na ukungu. Nilijaribu moja tu. Iliimba mara moja, kisha ikapasuka mu mikono yangu. Zingine zilikuwa unga.»

«Ile moja, kulikuwa jina?»

Na yeye, kama vile anafanya ku kila Certificat, akachukua kitu kidogo cha kweli akapakaa juu ya bongo, ule uongo wake. «Kaswera. Bibi ya Maliro.»

Mama Kavuo akakaa chini, ku sakafu ya sima, hata kiti hakutafuta. Julienne akakimbia kumushika. Mama akamusukuma na mukono.

«Ulisikia mama yangu,» akasema.

«Ndiyo, Mama.»

«Wewe, na macho yangu nakuona, ulisikia mama yangu. Aliimba nini?»

Siméon aliwaza nini, hata leo hawezi kueleza muzuri. Mwanamuke wa wakati ule, na mutoto anamushika kikwembe, angeimba nini? Akafungua kinywa na kuimba wimbo wa kubembeleza mutoto, ile yenye mama yake mwenyewe alikuwa anaimba kule Manguredjipa akirudi shamba. Aliimba yote. Pale hakuwa anajifanya.

Mama Kavuo alifunga macho. Alipoyafungua alisema: «Nilisahau. Nilikuwa mudogo sana. Mais kama ulisikia, basi ni ile.» Akamuomba airudilie, na Siméon akairudilia mara tatu mpaka mama akaishika. Alipoondoka balimupa kuku. Alikataa, bakamufungia ku moto kwa nguvu, na njia yote mpaka Butembo ile kuku ilikuwa inamuangalia.

Alifikiri imeisha. Mukubwa muzima, na miaka yake yote, alifikiri itaishia pale.

Ku jubilé balimualika na Nadège, fasi ya mbele, pembeni ya bakubwa ba parokia. Batoto ba Mama Kavuo, bajukuu na bitukuu, balisimama mu mustari, na robe za rangi moja, bakaimba «Wimbo wa Koko Kaswera», koko maana yake nyanya. Ilikuwa muzuri, na ile njo ilikuwa mubaya. Batu balilia. Mu Beni batu ba kulia habakosekane, kila nyumba iko na mutu wake mwenye hakurudi, na kusikia kama sauti ya mama moja ilirudi baada ya miaka karibu makumi munane, hata basoda ku mulango balitoa kofia. Kisha Julienne akamuita Siméon mbele, akasema huyu njo mutu wa mwisho mwenye alisikia Kaswera na masikio yake. Bakamupigia mikono. Siméon alisimama pale, mikono inaninginia. Alitamani mutu mumoja tu apige kelele kama ni bongo. Hakuna mutu alipiga.

Nadège alikuwa amekaa anamuangalia. Ule wimbo alikuwa anaujua. Siméon alikuwa anaimbia mutoto yao wa kwanza, Séphora, kila jioni, na mama-mukwe wake alimufundisha maneno yake mu jikoni.

Balirudia Butembo. Balifika nyumbani, Nadège akaweka sakoshi ku meza, akasema: «Sitakuambia ufanye nini. Wewe ni mukubwa. Mais ile wimbo usiiimbe tena mu nyumba yangu.»

Siméon alibeba ile maneno juma mbili. Kibanda alifungua, mais hakugusa fono hata moja. Client alikuja toka Goma, anataka moja na Certificat, Siméon akamuambia hazipo, na zilikuwa ine nyuma ya pazia. Mu shirika balimuomba asome somo, akasema macho inamuuma.

Njo akarudi Beni. Alianza na Julienne, juu ile ilikuwa rahisi. Alimukuta ku lycée, mu darasa tupu, akamuambia yote: kibobini, nta, tarumbeta ya arrosoir, Certificat. Akamuambia atamurudishia chake.

«Nilifundisha batoto makumi sita bongo yako,» Julienne akasema. «Balichora ile mashine mu kayé. Ile utairudisha namna gani?» Kisha akachukua chaki na kugeukia tableau, na Siméon akajua kama amefukuzwa.

Kisha akamukuta Mama Kavuo mu parcelle, uwanja ya nyumba yake, anachagua maharagi mu sahani kubwa ya bati, na nyuma ya nyumba sauti za batoto. Mama alipomuona alisogeza kiti, mbele mutu hajaomba. Alisema, «Karibu, mutoto wangu,» na Siméon, mwenye alikuwa ameapa kusema akiwa amesimama, akakaa.

Alisema yote. Hakuruka kitu. Alisema vile alifikiri ni mishumaa, vile alikata, vile alichemusha na petroli, vile alipakaa. Alisema karatasi yenye jina aliwashia makala. Mikono ya Mama iliendelea kuchagua maharagi, moja moja, kisha ikasimama.

«Hata moja hukusikia?»

«Hata moja, Mama. Sikujua kama kulikuwa mutu ndani.»

«Na jina?»

«Jina niliisoma. Ile ni kweli.»

«Na wimbo?»

«Ni ya mama yangu.»

Mama Kavuo aliangalia sahani yake. Siméon alingoja amutukane. Alikuwa amejitayarisha juu ya matusi, hata fimbo angepokea na furaha.

«Miaka yote ile nilikuwa bila sauti ya mama yangu,» akasema mwisho, «na nilizoea. Mutu anazoea. Kisha ukanipa. Nilikuwa nalala nayo, asubui naamuka nayo. Leo umekuja kuninyang'anya ile.»

«Mama, moyo ilikuwa inanichoma. Sikuweza tena.»

«Naona. Ulileta muzigo yako mpaka hapa, ukaishusha. Leo utalala muzuri.» Hakusema na hasira. Alisema sawa mutu mwenye anahesabu vitu vyenye vimebaki mu nyumba. «Mara ya kwanza ulimupoteza mama yangu na hukujua. Leo ulijua.»

Siméon alikuwa amekuja kutafuta kupumua, na akapumua kweli, na ile pumzi yenyewe ilimutia haya kuliko bongo.

Nyuma ya nyumba batoto bakaanza kuimba. Ilikuwa ile. Balikuwa banaruka kamba na wimbo wa kulalisha mutoto, banaupiga haraka haraka, na banacheka.

«Enda ubaambie,» Mama Kavuo akasema. «Mimi sitaweza.»

Akaenda. Balikuwa batoto sita, na basichana babili banashika kamba. Balimujua, mutu mwenye alisikia Koko. Bakanyamaza na kumupa salamu na heshima yote. Siméon alichutama mbele yao na kusema kama ile wimbo haikuwa ya Kaswera. Alisema ni yeye alitunga bongo, na kama ile ya kweli ni yeye aliiharibu, na kama hakuna mutu chini ya jua mwenye anajua ilikuwa namna gani.

Batoto bakaangaliana. Kale kadogo, ka miaka labda sita, kalikuwa kamefunga kamba ku mukono, kakauliza kama banaweza kuendelea nayo tu, juu habakuwa na ingine.

Siméon akageuka kuuliza Mama Kavuo na macho. Mama alikuwa ameshasimama, anaingia mu nyumba na sahani yake, na mulango ukafungwa pole pole nyuma yake.